Kinyama Kisichouma Kinywani

Somo letu la mara hii linahusu kitu ambacho watu wengi wanakibeba kinywani kwa miaka bila kumwambia mtu. Ni kinyama. Kimeota kwenye ufizi, au ndani ya shavu, au pembeni mwa ulimi. Hakiumi. Hakitoi usaha. Ukila ugali hakikusumbui, ila ulimi unakigusagusa mchana kutwa kama unavyogusa pengo la jino lililong'olewa jana. Halafu siku moja mwenye nacho anasikia redioni habari za kansa ya kinywa, na usiku ule halali.

Watu wa namna hii hufanya moja kati ya mambo mawili. Wengine huogopa mno, wakaamini wamekwisha, wakanyamaza. Wengine hupuuza kabisa, na kikizidi kuwasumbua wanakikata wenyewe: kwa wembe, kwa uzi uliokazwa, hata kwa waya uliotiwa motoni. Wale waoga na hawa mashujaa wana kosa moja. Wote wameamua kinyama ni cha aina gani kabla ya mtu yeyote kukichunguza.

Basi tuanze na habari njema. Vinyama vingi vinavyoota kinywani si kansa. Vingi ni nyuzinyuzi tu. Ndani ya mwili wetu, chini ya ngozi, kuna nyuzi ndogo sana zinazoshika nyama pamoja, kama nyuzi za mkonge zilivyo ndani ya kamba. Nyuzi hizi zinatengenezwa na seli zenye kazi hiyo. Mahali palipoumia, seli hizo zinaamka na kutengeneza nyuzi mpya ili kuziba. Ndiyo maana kovu ni gumu kuliko ngozi iliyo kando yake. Sasa mtu anajiuma shavu mahali pale pale kila wiki, au jino lililovunjika linakwaruza ulimi, au meno bandia yasiyokaa sawasawa yanasugua ufizi. Seli zinaambiwa kila siku: tengeneza, tengeneza. Mwisho kunatokea kirundo cha nyuzi kilichofunikwa na ngozi laini ya kinywa, chenye rangi ile ile ya kinywa, kigumu kidogo ukikibonyeza. Madaktari wanakiita fibroma. Mara nyingi ni kidogo, hakifiki sentimita 2, na kinapatikana zaidi kwa watu wazima, hasa ndani ya shavu pale meno ya juu na ya chini yanapokutana. Kikitolewa, na lile jino lenye makali likasawazishwa, kwa kawaida hakirudi.

Hicho ndicho cha kawaida. Lakini ziko aina nyingine za uvimbe wa nyuzi ambazo hazionekani mara kwa mara. Nazo pia si kansa, ila kila moja ina tabia yake, na asiyeijua anaweza kuitibu vibaya. Somo letu hasa linahusu hizo.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu wa kufundishia. Msichana wa miaka 16 ana kinyama kati ya meno mawili ya mbele, ufizi wa juu. Kilianza kama punje ya mtama, sasa ni kama harage. Juu yake pana kidonda kidogo kwa sababu mswaki unakigonga. Wenzake shuleni wanamtazama, naye ameanza kufunika mdomo kwa mkono anapocheka. Nyumbani nyanya yake anamwambia, "Mjukuu wangu, hicho ni kinyama tu. Lete uzi nikifunge, baada ya siku tatu kitaanguka chenyewe." Nyanya hakusema uongo, kinyama kinaweza kuanguka kweli. Lakini baada ya miezi michache kinarudi pale pale, na mara hii kipana zaidi. Sasa jirani wanasema ni kansa, kwa kuwa wamesikia kwamba kansa ndiyo inayorudi.

Kumbe kuna uvimbe wenye tabia hiyo hasa. Madaktari wa meno wanauita fibroma ya ufizi inayotengeneza mfupa. Unaota kwenye ufizi tu, si shavuni wala ulimini, na kwa kawaida unachipuka kwenye ile nyama ndogo iliyo katikati ya meno mawili. Unapenda vijana, zaidi wale wa miaka 10 hadi 19, na wasichana kuliko wavulana. Unapenda taya la juu kuliko la chini, na meno ya mbele kuliko magego. Ukiukata na kuutazama kwa darubini, ndani ya zile nyuzi unakuta vipande vidogo vya mfupa au chokaa. Ndiyo maana ukiubonyeza unakuwa mgumu kama tonge la ugali wa jana.

Na kwa nini unarudi? Kwa sababu mzizi wake hauko juu. Uko chini kabisa, kwenye utando unaofunika mfupa wa taya, na kwenye nyuzi zinazoshika jino. Uzi wa nyanya unakata shingo ya uvimbe tu na kuacha mzizi. Ni kama kufyeka magugu bila kung'oa. Daktari wa meno anayeujua anaukata mpaka kwenye ule utando wa mfupa, kisha anakwangua ukoga mgumu uliogandamana kwenye meno ya jirani, maana ukoga huo ndio unaochokoza ufizi. Hata hivyo, taarifa zilizoandikwa na madaktari wa nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kati ya wagonjwa 100, kama 8 hadi 20 huona uvimbe ukirudi hata baada ya kutolewa hospitalini. Kwa hivyo kurudi peke yake si alama ya kansa. Tunalisema hili kwa nguvu kwa sababu tunajua jinsi neno la jirani linavyoweza kumfungia mtoto wa watu nyumbani.

Aina ya pili haina habari ndefu. Inaitwa fibroma ya seli kubwa. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka wa 1974 na madaktari wawili, Weathers na Callihan. Kati ya vinyama vyote vya nyuzi vinavyotolewa kinywani na kupelekwa maabara, aina hii ni 2 hadi 5 tu katika kila 100. Tofauti na ile ya kawaida, hii haionekani kuletwa na kujiuma au kukwaruzwa. Inatokea zaidi kwa watu walio chini ya miaka 30, na karibu nusu yake huwa kwenye ufizi. Juu yake pana vipele vipele, kwa hivyo mara nyingi hata daktari anayeitazama kwa macho hudhani ni chunjua. Siri yake inafichuka kwenye darubini peke yake: ndani ya nyuzi kuna seli kubwa zenye umbo la nyota, nyingine zikiwa na viini viwili au zaidi badala ya kimoja. Ikitolewa, habari yake imekwisha.

Ya tatu ni adimu zaidi, na inafundisha zaidi. Inaitwa uvimbe wa nyuzi wa pekee. Mwaka wa 1931 madaktari Klemperer na Rabin waliueleza, lakini si kinywani. Waliukuta kwenye utando unaofunika mapafu. Miaka mingi ikapita watu wakiamini kwamba ni ugonjwa wa kifuani tu. Baadaye ukaonekana sehemu nyingine za mwili, na kinywani pia, hasa ndani ya shavu. Mwenye nao anahisi donge chini ya ngozi ya shavu, linateleza likisukumwa kwa kidole, halimuumi, na linakua polepole kwa miezi au miaka. Ukilitazama unasema ni mafuta, au ni tezi ya mate iliyovimba. Hata kwenye darubini linaweza kumchanganya mtaalamu, kwa sababu ziko aina kadhaa za uvimbe zenye seli nyembamba ndefu zinazofanana nazo. Mwaka wa 2013 wanasayansi waligundua kwamba katika uvimbe huu jeni mbili, NAB2 na STAT6, zimevunjika na kuunganishwa pamoja. Tangu hapo maabara zenye uwezo zinatia dawa maalum ya rangi juu ya kipande cha nyama, na viini vya seli vikishika rangi hiyo, jibu limepatikana. Si kila maabara inayo dawa hiyo, kwa hivyo wakati mwingine kipande kinatumwa mbali na majibu yanachelewa. Mgonjwa akiambiwa angoje, asidhani amesahauliwa.

Kwa nini inafaa kuutofautisha? Kwa sababu uvimbe huu wa pekee mara nyingi ni mpole, lakini wachache huja kubadilika au kurudi baada ya miaka. Aliyeutolewa anatakiwa kuangaliwa kwa muda mrefu, wakati aliyetolewa fibroma ya kawaida anaweza kwenda zake shambani.

Kisha ziko zile zinazoanzia ndani ya mfupa wa taya. Hapo hakuna kinyama cha kuonekana. Taya lenyewe linavimba upande mmoja polepole, meno yanasukumana na kuacha nafasi ambayo haikuwapo zamani. Fibroma ya mfupa inayotokea hivi huonekana zaidi kwenye taya la chini, upande wa magego, kwa watu wa miaka kama 20 hadi 40, na wanawake kuliko wanaume. Kwenye picha ya eksirei inaonekana na mpaka wake safi, kama yai lililowekwa ndani ya mfupa. Iko nyingine adimu sana ya ndani ya mfupa ambayo haisambai mwilini lakini inakula taya lenyewe kama mchwa anavyokula mlango, na inataka upasuaji mpana. Katika aina hizi za ndani, wembe na uzi havina kazi yoyote. Bila eksirei hakuna anayejua lolote.

Sasa tugeuke tuone upande wa pili, maana tumesema si kila kinyama ni kansa, na mtu asije akalifanya neno hilo kuwa mto wa kulalia.

Mtoto mdogo akivimba taya, usingoje. Mwaka wa 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago huko Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Afrika. Uvimbe huo unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Ni kansa, na hapa kwetu Kenya unapatikana zaidi katika sehemu zenye malaria nyingi, kama upande wa Ziwa Victoria, Magharibi na Pwani. Unashika hasa watoto wa miaka 4 hadi 7. Meno yanalegea bila sababu, uso unavimba, na uvimbe unakua kwa mwendo wa siku, si wa miezi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na fibroma. Tena ni kansa inayosikia dawa vizuri mtoto akifikishwa mapema. Kila wiki inayopotea kwa kung'oa meno na kupaka majani inamwondolea mtoto huyo nafasi yake.

Kwa watu wazima, madoa mekundu au ya zambarau kwenye kaakaa au ufizi yanaweza kuwa kansa ya Kaposi, ambayo huandamana na virusi vya ukimwi. Mtu akiwa nayo anahitaji kupimwa na kuanzishwa dawa. Halafu kuna kidonda chenye kingo ngumu, pembeni mwa ulimi au chini yake, hasa kwa mvutaji sigara, mtafunaji tumbaku au mnywaji pombe sana. Sheria yetu ni rahisi kukumbuka: kidonda au uvimbe wa kinywani usioisha baada ya wiki tatu uonwe na daktari. Na haraka zaidi kama unatoka damu wenyewe, kama mdomo au kidevu kimekufa ganzi, kama jino limelegea bila kuumia wala kuoza, kama kumeza ni shida, au kama kuna tezi ngumu shingoni.

Yako pia mambo yanayofanana na uvimbe lakini yana sababu yake. Mama mjamzito anaweza kuota kinyama chekundu kwenye ufizi, laini, kinachotoka damu kikiguswa tu. Mara nyingi kinapungua baada ya kujifungua, kwa hivyo daktari anaweza kusema tungoje, na mama asafishe meno vizuri bila kuogopa damu. Mtu anayemeza fenitoini kwa ajili ya kifafa anaweza kuona fizi zake zote zikinenepa na kufunika meno. Huyo tunamsihi: usiache dawa ghafla! Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa cha mfululizo kinachoua. Mwonyeshe daktari fizi zako, yeye ndiye atakayeamua kubadilisha dawa au la. Na wengine wametuuliza juu ya donge gumu kama jiwe katikati ya kaakaa, au madonge mawili ndani ya taya la chini chini ya ulimi. Likiwa limekuwepo tangu ujana na halibadiliki, mara nyingi ni mfupa wako mwenyewe tu, umeumbika hivyo. Vile vidonge vinavyojipanga nyuma ya ulimi, kule mbali karibu na koo, kila mtu anavyo. Vijana wengi huvigundua siku ya kwanza wanapojitazama kwa kioo na tochi, wakatishika bure.

Basi daktari anajuaje? Hapa ndipo kiini cha somo.

Kwanza anauliza. Kilianza lini? Kilikua polepole au haraka? Kiliwahi kupungua kikaongezeka tena? Unajiuma? Una meno bandia? Una mimba? Unameza dawa gani? Nyumbani yuko mwingine mwenye fizi kama hizi? Maswali haya si porojo. Jibu la swali la pili peke yake linaweza kutenganisha mtoto wa kupelekwa leo na mtu mzima wa kuja wiki ijayo. Kwa hivyo kabla ya kwenda kliniki, kaa na watu wa nyumbani mkumbushane. Mama hukumbuka vizuri: "Ilikuwa kabla ya mavuno, wakati mjomba wako alipokuja." Hiyo ni tarehe ya kutosha.

Pili anatazama na kugusa. Kigumu au laini? Kina shingo kama uyoga au kimekaa wazi? Kinateleza au kimeshikamana? Kikibonyezwa kinageuka cheupe halafu kinarudi chekundu? Kama kinadunda kama mshipa, daktari hatakikata hapo, kwa sababu huenda ni mishipa ya damu iliyofungamana na mtu anaweza kuvuja damu vibaya. Fikiria sasa wembe nyumbani kwenye kinyama kama hicho. Tunajua katika sehemu zetu bado kuna wanaokata watoto kimio, na wanaochimbua fizi za watoto wachanga wakitafuta yale wanayoyaita meno ya plastiki. Hayo yameleta tetenasi na kuvuja damu, na kinyama cha mtu mzima hakina bahati tofauti.

Tatu ni eksirei, kama uvimbe uko kwenye ufizi au taya.

Lakini haya yote bado ni kukisia kwa akili. Jibu lenyewe linatoka kwenye kipande cha nyama. Kazi hii inaitwa biopsi. Uvimbe ukiwa mdogo, daktari anautoa wote mara moja, na hapo biopsi na matibabu vimekwenda pamoja. Ukiwa mkubwa au wa kutilia shaka, anakata kipande kidogo tu pembeni. Unadungwa sindano ya ganzi, ile ile ya kung'olea jino. Unasikia kuvutwavutwa, husikii maumivu. Nyuzi moja mbili za kushona, maji ya chumvi ya kusukutua, na chakula laini siku chache. Watu wanasema kuchokoza kansa kwa kisu ndiko kunakoisambaza. Tumelisikia neno hili kila mahali, na limeua watu kwa kuwachelewesha. Kinachosambaza kansa ni muda unaopita bila matibabu.

Kipande hicho kinaingia ndani ya dawa inayoitwa fomalini, inayokizuia kuoza. Hapa tunawaambia wauguzi na maafisa wa zahanati neno la kazi. Fomalini ya kuhifadhia ni ya asilimia 10: sehemu 1 ya ile kali ya dukani kwa sehemu 9 za maji. Dawa iwe mara 10 ya ukubwa wa nyama, maana inapenya polepole, karibu milimita 1 kwa saa. Chupa iwe na mdomo mpana, kwa sababu nyama ikishakauka ndani ya dawa inakuwa ngumu na haitoki kwenye shingo nyembamba. Kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko, andika jina la mgonjwa, umri, mahali kilipotolewa na tarehe. Kwenye fomu eleza ulichokiona. Mtaalamu wa maabara hakumwona mgonjwa, anaona punje tu ya nyama, na ukimwandikia "uvimbe kinywani" umemfunga macho. Usiweke kipande kwenye maji matupu wala usikifunge kwenye pamba kavu, kitaoza au kukauka njiani. Na fomalini ni sumu, isitiwe kamwe kwenye chupa ya soda.

Huko maabara nyama inatiwa ndani ya nta, inakatwa vipande vyembamba vya kama sehemu 5 za elfu ya milimita, yaani zaidi ya mara 10 chini ya unene wa unywele. Inatiwa rangi mbili: viini vya seli vinakuwa bluu, nyuzi zinakuwa waridi. Daktari wa patholojia anainama kwenye darubini yake na kutazama mpangilio. Nyuzi zimetulia? Seli zinafanana, au kila moja ina umbo lake la kishenzi? Zinazaana kwa kasi? Zimevunja mpaka na kuingia nyama ya jirani? Hapo ndipo fibroma na kansa zinapoachana, na hakuna jicho la kawaida linaloweza kuona hayo. Ndiyo maana kinyama kilichokatwa nyumbani na kutupwa kwa kuku ni hasara mbili: mgonjwa ameumia, na jibu limeliwa.

Tunaelewa kwamba gharama inawazuia wengi. Nauli mara mbili, malipo ya kukata, malipo ya maabara, na mara nyingi maabara iko hospitali kubwa tu. Ushauri wetu ni kuuliza bei yote kwanza, kabla ya kisu, na kuuliza waziwazi: "Daktari, kipande hiki kitapelekwa maabara?" Swali hilo si kukosa adabu. Kuna watu waliotolewa kinyama wakalipa, wakaambiwa kiko sawa, na kipande kikatupwa kwenye ndoo. Kama pesa hazitoshi, afadhali kikundi chenu kichangie malipo ya maabara kuliko kuchangia sherehe ya kumkaribisha nyumbani mtu ambaye hamjui amepona nini. Tena siku hizi madaktari wa meno wa kaunti wanaweza kutuma picha ya simu kwa mwenzao aliye Nairobi au Eldoret na kuuliza maoni kabla ya kumsafirisha mgonjwa. Picha haichukui nafasi ya biopsi, lakini inaweza kuokoa safari moja.

Majibu yakija, omba nakala ya karatasi. Usiridhike na kuambiwa "ni sawa tu." Mwombe daktari akusomee jina la uvimbe kwa sauti na akuandikie. Muulize mambo matatu: umetoka wote au umebaki kwenye kingo? Huwa unarudi? Nije lini tena? Yule msichana wetu wa mfano, karatasi yake ikisema ni fibroma inayotengeneza mfupa, atahitaji kuangaliwa ufizi wake kila baada ya miezi michache kwa mwaka wa kwanza, na kusafishwa ukoga. Karatasi iwekwe pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa, mahali panya hawafiki. Akija kuota kingine akiwa ameolewa mbali, daktari wa huko ataanzia pale wa kwanza alipoishia.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, chukua kioo usogee mlangoni penye mwanga. Vuta mdomo wa chini, halafu wa juu. Geuza shavu kwa kidole kilichooshwa. Toa ulimi, ushike kwa kitambaa safi, utazame pande zote mbili, kisha uinue utazame chini yake. Ukiona kitu, andika tarehe ya leo.